Mangi Si Mhasibu: Maswali ya Kujiuliza Kabla ya Kusomea Uhasibu

Muuza duka popote Tanzania, awe Mchaga au asiwe, huitwa Mangi. Utani huo umewaponza vijana wengi wa Moshi. Mtoto akionekana harudishi chenji pungufu dukani kwa baba yake, iwe Kiboriloni au Marangu, ukoo unakaa na kuamua kwamba huyu ni mhasibu. Lakini hao ni watu wawili tofauti. Mangi hodari anakumbuka kichwani kwamba mama wa nyumba ya pili anadaiwa mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Mhasibu hodari hakiamini kichwa chake hata kidogo, anataka karatasi. Majibu yote yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Hisabati ilinipiga chenga sekondari. Nitaweza?

Inawezekana. Kazi ya kila siku ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia, na kompyuta hubeba sehemu kubwa. Takwimu utakutana nazo chuoni, kwa hiyo usilichome daftari la hisabati. Kinachotakiwa zaidi ni ubishi: kutolala mpaka ujue shilingi imekwenda wapi.

Tuchukue chama cha msingi cha kahawa, AMCOS, huku mlimani Kilimanjaro. Mkulima analeta kahawa aliyoikausha, inapimwa, anapewa stakabadhi na malipo ya awali. Kahawa ikishakobolewa na kuuzwa, kinachobaki baada ya makato humrudia kama malipo ya pili. Kila hatua huandikwa mara mbili. Kahawa ikipokelewa, mzigo wa chama umeongezeka, na deni la chama kwa mkulima nalo limeongezeka. Akilipwa, deni limepungua na fedha za benki zimepungua. Mtawa Luca Pacioli aliueleza utaratibu huu katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiutumia hata kabla yake.

Mwisho wa mwezi pande zote mbili hujumlishwa, na lazima zilingane. Sasa tuseme zimepishana kwa shilingi 27,000. Mgeni wa kazi ataanza kukagua ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Mzoefu atagawanya 27,000 kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda kuna mtu amegeuza tarakimu, akaandika 36,000 mahali pa 63,000. Asipoona kitu, atagawanya kwa 2 na kutafuta 13,500, kwa maana kiasi kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti maradufu.

Kama umesoma aya hiyo ukatafuta kalamu ujaribu kwa 81 na 18, una dalili nzuri. Kama umeiruka, hilo nalo ni jibu, na ni afadhali ulipate leo kuliko mwaka wa pili wa chuo.

Mimi ni mpole, sipendi ugomvi. Si kazi ya kukaa kimya ofisini?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Vitabu vinaweza kulingana mpaka senti ya mwisho na bado vikawa vya uongo, maana stakabadhi ya kughushi hujumlishwa vizuri tu. Kazi ngumu ya mhasibu ni kumwambia mtu anayemheshimu kwamba karatasi haitoshi.

Na huku mlimani huyo mtu mara nyingi ni ndugu. Mwenyekiti amechukua masurufu kwenda mkutanoni, amerudi, na ni kaka wa baba yako. "Mwanangu, wewe funga tu hesabu, stakabadhi nitaleta kesho." Jibu ni "Sawa, baba mkubwa, basi nitafunga kesho," lisemwe kwa adabu zote, na usifunge. Upole hauzuii kitu hapo. Anayeshindwa ni yule anayetaka kupendwa na kila mtu.

Eneo hili limewahi kuonja gharama ya kutoaminiana. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU. Mwaka 1937, bei ikiwa imeanguka na wengi hawaamini namna ushirika ulivyoshika kahawa na fedha zao, palizuka vurugu mlimani. Leo hesabu za vyama vya ushirika zina wakaguzi wake, likiwemo shirika la COASCO lililoanzishwa mwaka 1982. Mkaguzi akifika, kitu cha kwanza atakachotaka ni zile karatasi ulizomng'ang'ania baba mkubwa.

Nikimaliza shahada nitakuwa mhasibu?

Utakuwa mhitimu wa uhasibu. Msimamizi wa taaluma ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mitihani yake hufanyika Mei na Novemba, na ndiyo inayokupeleka kwenye sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, CPA. Kurudia somo ni jambo la kawaida, kwa hiyo mzazi asishtuke wala kijana asijifiche. Weka akilini ada za mitihani na jioni nyingi za kusoma baada ya kazi.

Kwa aliyeko Moshi, chuo kiko mlangoni. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963 na kikawa chuo kikuu kamili, MoCU, mwaka 2014. Arusha nako kuna Chuo cha Uhasibu. Si lazima uanze na shahada. Wapo walioanza na cheti, wakaajiriwa, wakapanda polepole.

Je, kompyuta haitaimaliza kazi hii?

Kazi ya kunakili tu inakwisha, na isililiwe. Lakini mashine ya EFD itakutolea risiti safi ya lita 40 za dizeli bila kujua kama mafuta yaliingia kwenye gari la chama au la mwenyekiti.

Na maisha yenyewe?

Yana kalenda yake. Kodi ya mishahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na VAT ina tarehe 20. Serikali hufunga mwaka Juni 30, na kampuni nyingi Desemba 31. Ukifanya kazi kwenye kampuni Dar es Salaam, ukoo mzima ukipanda mabasi ya Krismasi kuja Rombo na Machame, wewe unaweza kuwa ghalani unahesabu katoni. Kwa Mchaga hili si jambo dogo, na sijaona chuo kinachoonya kuhusu hilo.

Nitajipimaje kabla ya kulipa ada?

Omba uweka hazina. Kikundi cha VICOBA kitafaa, ila kamati ya harusi ni shule bora zaidi. Utajifunza wiki ya kwanza kwamba ahadi si fedha: shangazi aliyeahidi laki tatu anaandikwa kwenye ahadi, na haingii kwenye taslimu mpaka atume. Kila malipo yadai stakabadhi, hata ya boda boda, na jioni linganisha daftari na salio la simu. Kisha ngoja siku ya kuvunja kamati, mjomba atakaposimama mbele ya watu na kuuliza ile elfu themanini ya maua ilikwenda wapi. Angalia unajisikiaje dakika hiyo, unapofungua bahasha ya stakabadhi.