SS si jina la mutu



Juma hili tujifunze juu ya ugonjwa ambao hapa Kamina, sawa katika Congo yote, watu wanauita SS. Wengi wetu tunajua mutu mwenye kuwa nao: ku nyumba, ku kanisa, ao mu kalasi. Lakini yeye anajiona namna gani?

1. Ugonjwa wenyewe

Chembe nyekundu za damu ya mutu muzima ni laini, na zinaishi karibu siku 120. Za mutu wa SS zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, na nyingi hazifikishe siku 20. Zinakwama mu mishipa midogo, na maumivu makali yanaingia mu mifupa. Kwa sababu zinakufa mbio, damu inapunguka na macho yanakuwa manjano. Munganga James Herrick wa Chicago aliandika juu ya chembe hizo mwaka 1910.

Huu si ulozi. Mutoto anapokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba iko na nafasi 1 juu ya 4 ya kuleta mutoto SS. Basi baba anayefukuza mama juu ya "damu mbaya" anasahau damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa Yesu pia waliuliza ni nani alikosa, kipofu ao wazazi wake (Yohana 9). Jibu: hata mumoja.

2. Namna anajiona

Tulikuwa na mwenzetu ambaye hakupenda kunywa maji. Tulizania ni majivuno tu. Kumbe figo za mutu wa SS hazishike maji muzuri: anakojoa mara nyingi, pengine hata kitandani. Siku moja ilimufikia, na sisi tukacheka. Tangu siku ile akaacha kunywa. Lakini maji yakikosa mu mwili, chembe zinajikunja zaidi. Ikaja baridi ya mwezi wa 6, akalia mifupa usiku muzima.

Ugonjwa ulimupa maumivu, ni kweli. Lakini haya ndiyo ilimunyima maji, na haya ile sisi ndio tulimupatia.

Tena, mwili wa SS unachelewa kukomaa. Kijana wa miaka 17 anaitwa "kadogo". Wengine wanasema mbele yake: "Huyu hatazeeka." Akisikia vile kila siku, atasoma juu ya nini? Na leo wengi wenye kutunzwa muzuri wanakomaa, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa.

3. Tufanye nini?

- Tumwite kwa jina lake.
- Mwalimu amuruhusu kunywa maji na kutoka kwa alama ya mukono tu, bila maulizo mbele ya wote.
- Asikimbie mupaka kuchoka kabisa. Lakini tusimuweke pembeni. Apige filimbi, ahesabu magoli.
- Akipata homa, afike kwa munganga siku ile ile. Malaria ni hatari sana kwake.
- Wewe mwenye SS, usijifiche. Ambia hata rafiki mumoja.

Maulizo ya kujibu

1. Kwa nini ni kosa kulaumu mama peke yake?
2. Ni neno gani ulimwambia mwenzako mugonjwa, ambalo yeye angali analibeba?