Gia ya Pikipiki Kuukuu: Mafunzo Niliyopata Umwe

Pikipiki yangu ni ya injini ya CG 125, muundo ulioanzia kwa Honda mwaka 1976 na kuigwa sana na viwanda vya China. Ni injini ngumu, na fundi wa kijijini anaimudu. Masika iliyopita, nikitoka shamba bondeni kurudi Umwe, gia iligoma: nakanyaga pedeli, inashuka, hairudi juu.

1. Anza nje. Udongo wa mfinyanzi wa bonde la Rufiji hujaa kati ya pedeli na injini, na ukikauka unakuwa kama saruji. Osha kwanza, kisha kaza boliti ya pedeli kwa spana namba 10. Gia nyingi "mbovu" huponea hapo.

2. Kagua klachi kabla ya kuilaumu gia. Mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20. Waya ukilegea zaidi, pleti haziachani vizuri: gia inaingia kwa kishindo, na ukisimama frii huipati.

3. Usikubali kuchomelewa. Meno ya pedeli yakilika, ushauri wa haraka kijiweni ni kuichomelea kwenye shafti. Namwelewa mwenye abiria wa Utete anayesubiri. Lakini shafti ya gia imepita ndani ya injini kutoka kushoto hadi kulia, na hutolewa kwa kuivuta upande wa kulia, kwenye klachi. Pedeli ikishachomelewa kushoto, shafti haitoki mpaka ikatwe. Moto nao unaunguza sili iliyo jirani, oili inaanza kuvuja kwenye sproketi. Pedeli mpya ni bei ndogo. Shafti na kazi ya kuibadilisha ni mzigo mwingine kabisa.

4. Pedeli isiyorudi, shuku springi. Yangu ilikuwa imekatika. Ipo nyuma ya klachi, kwa hiyo fundi alimwaga oili, akafungua kava ya kulia na kuitoa klachi yote. Springi yenyewe ni rahisi, gharama ni ufundi. Nunua gasketi mapema, na maadamu shafti imetoka, badilisha na sili.

5. Oili ni moja kwa injini na gia. Ukivuka maji ya mafuriko, ichungulie. Ikiwa nyeupe, imwage siku hiyohiyo.

Ndugu zangu wa bodaboda wa Umwe, Ikwiriri na Kibiti, pedeli ikilika nunueni nyingine. Msiipeleke kwa mchomeleaji.