TUMAANINA: SOMO JUU YA DHIKI IKAAYO MOYONI NA NAMNA YA KUUTULIZA MWILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili na roho akaviunganisha, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Somo hili lahusu maradhi yasiyo na kidonda wala uvimbe, nayo ni dhiki ikaayo moyoni siku nyingi hata mwili ukaizoea, na mwenyewe asijue tena kuwa ni mgonjwa. Dalili zake ni nyingi: usingizi kukatika saa nane ya usiku na usirudi, meno kukazana, mabega kupanda kana kwamba mtu amechukua gunia, tumbo kujaa, moyo kwenda mbio naye amekaa barazani hakufukuzwa na mtu. Na ubaya wake mkubwa zaidi ni kuwa mtu huyo hugeuka tabia. Huwafokea watoto kwa jambo dogo, humwonea mkewe, na akisimama kusali huinama na kuinuka kama kuku adonoaye mtama.

Mwanamume wa pwani ya kusini, tangu Mikindani na Mtwara hata Msimbati na vijiji vya mlangoni mwa Ruvuma, hakukosa sababu za dhiki hiyo. Mwaka wa 2013 palikuwa na ghasia za bomba la gesi. Mwaka wa 2018 biashara ya korosho ilivurugika hata serikali ikazinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja, na wakulima wengi wakangoja fedha zao muda mrefu, na huku ada za shule na madeni ya dukani hayangoji. Mwezi wa Aprili 2019 watu walihama nyumba zao kwa khofu ya kimbunga Kenneth, kikaja kuangukia upande wa Msumbiji. Kisha Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho kando ya mto, kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo, kwani vita vya Cabo Delgado vilikuwa vimeanza tangu 2017. Aliyesikia bunduki usiku ule si ajabu akishtuka hata leo mlango ukibamizwa na upepo.

Wengi wakipatwa na hali hii husema, "Nimefanyiwa," wakaenda kwa mganga mmoja, na akishindwa wakaenda kwa wa pili, mpaka mbuzi wote wakaisha zizini. Kuamini kuwa majini wapo ni katika dini. Lakini kumsingizia jini kila maumivu ya bega si katika dini, wala si katika akili.

Na afahamu msomaji kuwa khofu yenyewe ni neema. Mtu akiona hatari, tezi zilizo juu ya mafigo humimina dawa yake katika damu, moyo ukapiga kwa nguvu, pumzi ikawa fupi, nyama za mwili zikakazana, ili akimbie au apigane. Hatari ikipita, upo mshipa mkubwa wa fahamu utokao kichwani, ukapita shingoni hata moyoni na tumboni, nao huutuliza moyo na kurudisha kazi ya tumbo. Ndivyo mwili ulivyopangwa. Lakini deni halipiti kama apitavyo simba, na mawazo ya usiku hayakimbiwi kwa miguu. Basi mwili hubaki umejiandaa kwa vita mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi. Mfano wake ni ngalawa iliyokwisha kuingia bandarini na tanga lake bado limepandishwa. Haiendi popote, lakini mlingoti waumia na kamba zachakaa. Aliyezoea bahari hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanavyuoni wa zamani waliyajua haya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akakigawa sehemu mbili, na katika sehemu ya pili akaeleza matibabu ya ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Alionyesha kuwa nafsi ikiumia mwili huumia nayo, na mwili ukiumia nafsi hukosa raha. Akashauri kuwa, kama vile mtu mzima wa afya awekavyo dawa nyumbani kwa maradhi ya ghafula, vivyo hivyo ajiwekee fikira njema wakati wa utulivu, apate kuzitumia siku ya dhiki. Shauri hili ni la maana sana, kwani watu wengi hutafuta nanga wakati ngalawa imekwisha kupinduka.

Na Imamu al-Ghazali, ambaye kila mwanafunzi wa madhehebu ya Shafii alijua jina lake, aliugua maradhi haya haya. Mwaka wa 488 wa Hijra (1095), naye ni mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku baina ya cheo chake na kuiacha dunia, hata ulimi wake ukafungika asiweze kufundisha, na tumbo likakataa chakula. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo limetoka moyoni likaenea mwilini, na hapana dawa mpaka moyo upumzike. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake cha al-Munqidh, wala hakuona haya. Basi mvuvi wa Msimbati au mkulima wa Mahurunga ataona haya ya nini?

Katika zama za karibu matabibu wa Marekani walilichunguza jambo hili kwa njia yao. Edmund Jacobson wa Chicago alitoa kitabu mwaka wa 1929 akifundisha mgonjwa kukaza kiungo kimoja kimoja kisha kukilegeza, ili mwili ujue tofauti ya kukazana na kulegea. Na mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha mafundisho ya majuma 8: mgonjwa hukaa au hulala, akauelekeza moyo wake kwenye pumzi yake na viungo vyake, toka unyayoni hata utosini, na fikira ikipotea airejeshe kwa upole bila kujilaumu. Mwaka wa 2014 wachunguzi walikusanya majaribio 47 ya mafundisho kama haya, yenye watu 3,515, wakaona yaleta nafuu ya kiasi kwa wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hawakuona kuwa yazishinda dawa au mazoezi ya mwili. Hii ni khabari ya insafu, na asemaye zaidi ya hapo anauza.

Hapa huulizwa: Je, yafaa Muislamu kuyatumia, na Kabat-Zinn aliyachukua kwa Mabudha? Jawabu ni kuwa yatazamwe yaliyomo. Kuvuta pumzi taratibu, kulegeza mabega, kuhudhurisha moyo mahali mwili ulipo, hayo si ibada ya kaumu yoyote. Ni kama kunywa maji kwa mafunda. Ama maneno ya dini nyingine, sanamu na kuinamia kisichokuwa Mwenyezi Mungu, hayo ni haramu, wala tiba haiyahitaji.

Lakini lililo ajabu ni kuwa mtu aende mbali kutafuta utulivu wa viungo, na nguzo ya utulivu aliisoma chuoni tangu utoto wake akaisahau. Katika Safinatun Naja, kitabu wanachoanzia watoto wa madrasa za pwani, nguzo za sala zahesabiwa 17, na 4 katika hizo ni tumaanina: katika rukuu, katika itidali, katika sijda mbili, na katika kikao kilicho baina yao. Maana yake ni kutulia baada ya mwendo hata kila kiungo kikae mahali pake, kwa kadiri ya kusema Subhanallah. Wala si pambo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) alimrudisha mara tatu mtu aliyesali kwa haraka, akamwambia kuwa hakusali, kisha akamfundisha atulie katika kila kitendo. Basi mwenye dhiki asaliye mbio hakupata nafuu ya mwili, na sala yake pia haikusihi.

Na ahesabu. Sala za fardhi zina rakaa 17 kila siku, na kila rakaa ina mahali 5 pa kutulia: rukuu, itidali, sijda ya kwanza, kikao, sijda ya pili. Jumla ni mara 85, kabla ya sunna. Katika kila moja mwili huitwa uache mwendo wake. Atakayeitikia mwito huo kwa kweli, aone magoti yake yameshika, mgongo umenyooka, paji la uso limegusa mkeka, na mabega yameshuka, kisha alete tasbihi tatu kwa pumzi ya taratibu isiyosukumwa, huyo ameufundisha mwili wake kutulia mara nyingi kuliko watu wa Massachusetts.

Hapa pana mambo matatu ya fikihi yasiyofaa kuachwa. Kwanza, itidali na kikao baina ya sijda mbili ni nguzo fupi. Kuzirefusha kwa makusudi kupita kiasi chake hubatilisha sala kwa kauli ya kutegemewa. Mwenye kutaka kurefusha, arefushe sijda anaposali peke yake. Ama imamu asizidishe tasbihi tatu ila kwa ridhaa ya waliokusanyika, kwani nyuma yake yupo mzee na yupo mwenye haja. Pili, asinuie tiba badala ya ibada. Lakini akinuia ibada na huku apenda nafuu, haidhuru, kama walivyosema mafakihi kuwa mwenye kutia udhu akitaka na ubaridi wa maji, udhu wake wasihi. Tatu, mwenye wasiwasi wa nia, arudiaye takbiri mara kumi mpaka imamu amefika rukuuni (na Mashafii wanachekwa kwa hili tangu zamani), ajue kuwa kurudia ndiko kunakolisha ugonjwa wake. Anuie mara moja, aendelee.

Nje ya sala pia yapo ya kufanywa. Mvuvi angojaye maji kupwa, au mtu aliyeamka usiku, akae au alale, avute pumzi kwa pua hata tumbo lipande, aitoe polepole kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, hata zikawa pumzi kama sita kwa dakika moja. Akipenda aitoe pamoja na istighfari au tahlili. Mwaka wa 2001 tabibu Luciano Bernardi wa Italia na wenziwe waliwapima watu 23, wakaona dua zirudiwazo taratibu huishusha pumzi mpaka kiasi hicho, na mapigo ya moyo yakapata nidhamu nzuri. Afanye hivyo dakika kumi kila siku, si siku ya taabu tu. Asichanganye jambo hili na zikri ya kuvuta pumzi kwa nguvu na haraka, ambayo wanavyuoni wa pwani wamekhitilafiana juu yake, wala si mahali pake hapa. Itoshe kuwa pumzi ya haraka huleta kizunguzungu na huzidisha mshtuko kwa mwenye wasiwasi. Na akighadhibika afuate yaliyopokewa na Abu Daud: aliyesimama akae, na isipomtoka ghadhabu, alale. Hiyo ni tiba ya mwili kabla ya kuwa ya maneno.

Asidhani mtu kuwa haya ni ya wasomi tu. Huko Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake 694 wa Sudani Kusini waliingia katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2020. Wengine kati yao walikutana mara 5, saa mbili kila mara, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa ya Shirika la Afya Duniani, juu ya kutua moyo, kushika ardhi kwa miguu na kurejesha fikira. Waliosimamia hawakuwa matabibu. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale wasioyasikiliza. Ikiwa imewezekana kambini, yawezekana msikitini baada ya alasiri.

Yabaki ya tahadhari. Aliyeona mauaji au moto, pengine akifumba macho na kuutazama mwili wake, yale aliyoyaona humrudia kwa nguvu. Huyo asifumbe, aangalie nguzo za msikiti, aguse mkeka kwa viganja, ataje kwa ulimi vitu vitano anavyoviona, na akae na mwenziwe. Wala kupumua hakulipi deni: mwenye kudhulumiwa bei ya korosho yake aendelee kudai haki yake, ila adai naye amelala usiku. Mwenye maumivu ya kifua, au kichwa kisichoacha kuuma, apimwe shinikizo la damu kwanza. Na yule asiyekula wala kulala kwa majuma, asikiaye sauti ambazo wengine hawazisikii, au asemaye afadhali afe, huyo asiambiwe imani yake ni dhaifu, wala asifungwe kamba nyumbani. Ndugu zake wampeleke hospitali, kama ile ya Ligula, siku hiyo hiyo, na mmoja wao abaki naye, wala asiachwe peke yake hata aonwe na tabibu.