Linanuka, Halijaoza: Doriani na Matunda ya Boma Letu

Mgeni akionja amabere amaruranu, maziwa yetu ya mgando, kwa mara ya kwanza hukunja uso. Mtoto wa Birongo, huku kwetu Kisii, hana habari hiyo: akisikia kibuyu kinatikiswa, yuko mlangoni na kikombe. Mboga ya chinsaga nayo ni vivyo hivyo, uchungu unaomkimbiza mgeni ndio sisi tunaoufuata. Kijitabu hiki kinahusu tunda ambalo mbele yake wageni ni sisi.

Linaitwa doriani, wengine husema duriani. Asili yake ni Borneo, Sumatra na rasi ya Malei, na jina limetokana na neno la Kimalei duri, yaani mwiba. Kwa Afrika Mashariki, nyumbani kwake ni Zanzibar. Birongo hutalivuna. Mdoriani unataka joto na unyevunyevu wa nyanda za chini, na baridi ya vilima vyetu hauiwezi. Litakufikia kwa mkono wa ndugu aliyetoka visiwani, au utakutana nalo ukiwa kazini mbali na nyumbani. Anayetaka kuvuka mpaka na matunda mabichi aulize kwanza KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, maana yana masharti yake.

Ile harufu

Wapo wanaosema ni kitunguu kilichosahauliwa jikoni, wapo wanaosema ni gesi inayovuja. Hao wa gesi hawajakosea sana. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Hutiwa kemikali yenye salfa ili mtungi ukivuja tujue. Doriani hujitengenezea kemikali za jamii hiyo hiyo, na harufu ya kitunguu na kitunguu saumu nayo iko katika ukoo huo. Mwaka 2017 wanasayansi wa Singapore walisoma jeni za tunda hili wakakuta sehemu zinazohusika na kutengeneza kemikali hizo zimejirudia mara nyingi kuliko kwenye mimea mingine ya karibu nalo.

Aprili 2018, huko Melbourne, Australia, watu wapatao 500 walitolewa mbio katika maktaba ya chuo kikuu cha RMIT kwa hofu ya gesi. Wazima moto walipopekua walikuta doriani ndani ya kabati. (Hilo, kwa haki, lilikuwa limeoza kweli.) Treni za Singapore haziruhusu abiria kupanda nalo.

Harufu hiyo ni yake hata likiwa zima, kwa hiyo usilitupe kwa sababu tu linanuka. Litupe ukiona ukungu, nyama imekuwa majimaji, au inanuka uchachu kama pombe.

Kulipasua na kulionja

La kwanza nililila Zanzibar, sokoni Darajani, pua nimeibana kwa vidole. Muuzaji alilikalisha juu ya gunia lililokunjwa ili miiba isimchome, akalipapasa kitakoni mpaka akapata mshono, akaingiza ncha ya kisu na kuizungusha kidogo. Ganda likaachia. Ndani kulikuwa na vyumba, na kila chumba kina vipande vya rangi ya siagi vilivyokumbatia kokwa. Nilitarajia utamu wa embe. Nilichopata ni ulaini wa avokado iliyoiva sana, sukari nyingi, kisha kwa mbali kitunguu. Kipande cha kwanza nilikimeza kwa adabu tu. Cha pili nilikiomba mwenyewe.

Nawe fanya hivyo: osha mikono, osha kisu, shika tunda kwa kitambaa kizito. Mara ya kwanza kula kipande kidogo, kisha ungoje uone kama midomo inawasha au mwili unatoka vipele. Koo likianza kubana au pumzi kuwa nzito, usingoje, kimbilia hospitali. Mtoto mdogo mtolee kokwa kabisa, asije akakabwa. Aliye chini ya miezi sita hahusiki, chakula chake ni titi. Kokwa hazitafunwi mbichi. Wanaozila huzichemsha au kuzichoma kwanza. Likishapasuliwa lifunike, na kama huna friji, lisilale.

Lina nini ndani

Gramu 100 za nyama ya doriani zina nguvu ya takriban kalori 147, wanga gramu 27, mafuta gramu 5, na nyuzinyuzi karibu gramu 4 zinazosaidia choo. Zina potasiamu kama miligramu 436, vitamini C karibu miligramu 20, na vitamini za kundi B. Ni chakula hasa, si kitafunio. Ukila nusu kilo umepata zaidi ya kalori 700, na ugali hujaugusa.

Dawa si. Utasikia muuzaji, au mhubiri wa dawa ndani ya matatu, akidai tunda fulani linaponya kisukari, vidonda vya tumbo na upungufu wa nguvu za kiume kwa mkupuo mmoja. Doriani haliponyi hata kimoja kati ya hivyo, na asiachwe mtu aweke vidonge vyake kando kwa ajili yake.

Kuna watu ambao kwao hata kipande cha pili ni kingi. Mwenye kisukari, na mama mjamzito aliyeambiwa sukari yake iko juu, ahesabu wanga huo ndani ya mlo wake. Mgonjwa wa figo aliyeonywa kuhusu potasiamu aliache mpaka aulize kliniki, na onyo hilo linagusa pia ndizi na avokado, vitu ambavyo kwetu huliwa bila kufikiri.

Na wenye busaa na chang'aa: msichanganye. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walionyesha maabarani kwamba maji ya doriani hupunguza kazi ya kimeng'enya kinachosafisha sumu ya pombe mwilini. Uvumi kwamba mchanganyiko huo unaua papo hapo sitauunga mkono. Lakini sioni sababu ya wewe kuwa wa kujaribiwa.

Na kama halitafika?

Hujapoteza kitu. Gramu 100 za avokado zina potasiamu kama miligramu 485, zaidi ya doriani. Ndizi mbivu ina kama 358. Mapera, yale ambayo watoto huchuma wakitoka shule na sisi tunayaita ya ndege, yana vitamini C zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, yaani zaidi ya mara kumi ya doriani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Katika maboma mengi ya hapa chinsaga na managu zinatimiza sehemu ya mboga vizuri. Tunda ndilo hupelekwa soko la Daraja Mbili kuuzwa lote, na mtoto akabaki na chai na mandazi.

Avokado zikiiva wiki hii, kabla gunia halijafungwa, toa moja kwa kila mtoto aliye nyumbani, ioshe, uikate, uiweke kando ya ugali wa jioni.