Muulize Waziwazi

Mtu anayewaza kujiua aghalabu husema. Husema kwa maneno tuliyozoea kuyapuuza: "Nimechoka na dunia," "Heri nisingezaliwa," "Nikiondoka mtapumzika." Nasi humjibu, "Hebu acha maneno yako," au tunanong'onezana kwamba anatafuta kuhurumiwa. Hata kama ndivyo, si ina maana anaihitaji hiyo huruma?

Angalia mabadiliko kuliko machozi. Kijana aliyekuwa hakosi uwanjani sasa anajifungia chumbani. Baba aliyeachishwa kazi halali usiku, na pombe imezidi. Mama aliyejifungua juzi anasema mwanawe angelelewa vyema na mtu mwingine. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kujaribu, na huzidi pia mtu anapofiwa, anapoachwa au anapoandamwa na madeni ya mikopo ya simu. Lakini dalili inayotupoteza kabisa ni utulivu wa ghafla. Mtu amehangaika miezi, leo katulia. Anagawa nguo zake, anamaliza deni la dukani, anawapigia simu ndugu aliokosana nao kuomba radhi. Nyumbani mnashukuru Mungu kwamba amepona, kumbe huenda ameshaamua.

Ukiyaona hayo, keti naye faraghani umuulize: "Ndugu yangu, siku hizi sikuoni sawa. Umewahi kufikiria kujiua?" Usizungukezunguke. Tafiti zinaonyesha kwamba swali hilo halimpandikizi mtu wazo hilo. Wengi huona wametuliwa mzigo. Akikubali, usimhubirie dhambi wala kumkumbusha walio na shida kumshinda. Msikilize. Kisha uliza kama amepanga namna na siku. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kidogo, wala hiyo si siri ya kumtunzia. Toeni nyumbani sumu za shambani na akiba ya vidonge, halafu mpeleke hospitali, uingie naye kwa daktari.

Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa namba 1199, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Wengi walikuwa wakificha mgonjwa kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Na kama anayewaza hayo ni wewe msomaji, piga mojawapo ya namba hizo leo, au mwite mtu unayemwamini umwambie hali ilivyo.