Mawazo na usingizi baada ya msiba

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Muleba. Tangu nifiwe na mume wangu silali vizuri. Nifanye nini mbali na vidonge?

JIBU: Pole sana kwa msiba, Mwalimu. Nianze na kahawa, maana kwetu Kagera mgeni hakosi ya kutafuna. Buni zetu ni robusta, zenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Ukitafuna jioni, usiku utakesha. Tafuna asubuhi, wageni wa jioni waandalie, wao watafune.

Ingia kibanjani mapema. Kupunguza majani ya migomba na kutandaza nyasi shinani huchosha mwili vizuri, na mwanga wa asubuhi husaidia usingizi kuja kwa wakati wake. Sala za jumuiya usiziache: huko utapata wa kukuuliza umeamkaje, na mfiwa anahitaji sana kuulizwa.

Huzuni ikikuzuia kula au kufanya kazi zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukitamani kufa, nenda leo hii, na usiende peke yako.