Kalendula bustanini: Piga hesabu ya kilo kavu

MFANYABIASHARA anayetafuta zao jipya la bustani hukutana mapema na jina la kalendula. Ni ua la rangi ya chungwa au njano, asili yake nchi za Mediterania, linalotumika katika mafuta ya ngozi, chai na kutia vyakula rangi. Jina lake limetokana na kalendae, siku ya kwanza ya mwezi kwa Warumi wa kale, ambayo ilikuwa pia siku ya kudaiana riba. Somo la wiki hii ni la hesabu vilevile: ua hili linamlipa nani, na kwa njia gani?

Kilimo

Mbegu hufukiwa sentimita 1 hivi, miche ikiachana sentimita 25 hadi 30. Huota kwa wiki moja hadi mbili na maua huanza baada ya miezi miwili hivi. Mmea hupenda jua na ubaridi wa wastani, hivyo nyanda za juu kama Lushoto na Njombe zinafaa kuliko joto la Dar es Salaam. Mbolea ikizidi, majani hustawi na maua hupungua. Chuma kila baada ya siku mbili au tatu, umande ukishakauka. Maua yakiachwa, mmea hugeukia kuzaa mbegu.

Pakiti ya mbegu iwe imeandikwa Calendula officinalis. Kwa Kiingereza ua hili hushirikiana jina na Tagetes, ua la mashada ya sherehe za Wahindu. Hayo ni mazao mawili tofauti, na mnunuzi wa kalendula hatapokea Tagetes.

Hesabu

Hapa ndipo wengi hupotea. Bei ya jumla hutajwa kwa kilo kavu, lakini bustani hutoa maua mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji. Huhitajika takriban kilo 7 mbichi kupata kilo 1 kavu.

Tuchukue mfano wa kibarua anayechuma kilo 2 kwa saa. Kilo 1 kavu imekwisha kula saa 3 na nusu za kuchuma tu, kabla ya kukausha, kufungasha na usafiri. Zidisha saa hizo kwa ujira wa eneo lako, ndipo ulinganishe na bei ya mnunuzi. Aidha, Misri huuza nje kalendula kavu kwa wingi. Mwenye vitalu vinne nyuma ya nyumba hawezi kushindana nayo kwa kilo.

Usindikaji

Nafuu ya mkulima mdogo iko kwenye bidhaa. Kausha maua kivulini, juu ya wavu, hadi kitako cha ua kivunjike kwa kidole. Kikibaki laini, ukungu huingia. Jaza maua kwenye chupa kavu, mimina mafuta ya alizeti yafunike yote, weka wiki 4 hadi 6 ukitikisa, kisha chuja. Kupata mafuta mgando, yeyusha sehemu 1 ya nta ya nyuki katika sehemu 4 za mafuta hayo.

Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2004 ulihusu wanawake 254 waliotibiwa saratani ya matiti kwa mionzi. Madhara ya ngozi ya kiwango cha 2 au zaidi yaliwapata asilimia 41 ya waliopaka kalendula, dhidi ya asilimia 63 ya waliopaka dawa ya kulinganishia. Hata hivyo, matokeo hayo hayakupi ruhusa ya kuandika "dawa" kwenye lebo. Tanzania, tangu 2019, vipodozi viko chini ya TBS. Dawa ni za TMDA. Mwonye pia mteja mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti.

Anza na kitalu kimoja na daftari moja. Andika kilo mbichi, kilo kavu, saa za kazi na chupa zilizouzwa. Daftari likionyesha faida kwa msimu mzima, ndipo uongeze kitalu cha pili.